Utabiri wa hewa juu ya ramani ya meli

Mhariri,

Kuweka utabiri wa hewa juu ya ramani ya kielektroniki ya meli ni jambo jema, ila lina mitego.

Kwanza saa. Faili za utabiri hufuata UTC, yaani saa ya kimataifa. Ikiandikwa 06, kwetu ni saa 3 asubuhi. Anayedhani ni saa 12 asubuhi amekosea kwa saa 3, na anayedhani ni saa 6 mchana naye vilevile!

Pili mwelekeo. Upepo hutajwa unakotoka, mkondo wa maji hutajwa unakoelekea. Kusi ya nyuzi 180 (inatoka kusini) na mkondo wa nyuzi 000 (unaelekea kaskazini) vinakwenda pamoja, ingawa namba zinaonekana kupingana. Kaskazi ndiyo hukabiliana na mkondo wa pwani yetu, na hapo mawimbi huwa mafupi na yenye mwinuko mkali. Kagua pia kipimo: mita 10 kwa sekunde ni noti (maili za baharini kwa saa) 19 hivi.

Kubwa zaidi ni vyumba vya utabiri, yaani miraba ambayo kompyuta hugawia bahari, kila mmoja ukipewa thamani moja. Chumba cha robo nyuzi kina upana wa kilomita 28 hivi. Mlango wa bahari kati ya Unguja na bara, kwenye wembamba wake, una kama kilomita 35, yaani chumba kimoja na ziada kidogo tu. Rangi laini kwenye kioo hapo ni makisio ya kompyuta, hazijapimwa.

Ukikaribia bandari, zima tabaka la hewa, maana hufunika namba za kina.

Mifumo mipya ya ramani za kielektroniki itakayofungwa melini kuanzia Januari 1, 2029 lazima ikubali viwango vya S-100, yaani viwango vya kimataifa vya data za ramani za bahari, vinavyoruhusu tabaka hizi. Mafunzo ya mabaharia yaanze sasa.

Wasomaji wenu,
Tanga