SAFARI YA KILWA KISIWANI: JUMAMOSI HII

Habari za jioni ndugu zangu,

Tunaondoka stendi ya Lindi saa 11 alfajiri. Tunashuka Nangurukuru, tunachukua gari la Kilwa Masoko, mji wa bara tunakopandia mashua ya kwenda kisiwani. Ambaye hajamalizia mchango amtumie mweka hazina leo, tafadhali, maana mwenye mashua anataka kujua idadi yetu. Kibali cha kuingia magofuni tunakata Masoko kabla ya kuvuka.

Kuhusu kuogelea: wengi mmeuliza. Tutaogelea, tena sana, lakini jioni tukisharudi Masoko, ufukwe wa Jimbizi. Kisiwani naomba asubuhi yote iwe ya kutembea. Sisi watu wa kusini tunapita Nangurukuru kila mara kwenda Dar, na wengi wetu hatujawahi kuuona Msikiti Mkuu wala Husuni Kubwa, jumba la sultani lililo juu ya mwamba, linatazama bahari. Ibn Battuta, yule msafiri maarufu wa Moroko, alifika pale mwaka 1331 akausifia mji wa Kilwa kwa uzuri. UNESCO wameyaweka magofu yake kwenye Urithi wa Dunia tangu 1981. Mimi nilipoingia mara ya kwanza chini ya yale makuba nilishindwa kusema neno.

Kisiwani wanaishi watu, ni kijiji cha Waislamu. Tuvae kwa heshima, na tuombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Njooni na kofia, maji ya kunywa na viatu vya kukanyagia matumbawe.

Chakula cha mchana ni wali wa nazi na pweza. Asiyekula pweza aseme mapema.