YAH: KUFUNGA SHULE NA MACHAGUO YA KIDATO CHA NNE

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Tunamshukuru Mungu, muhula wa kwanza umeisha salama. Matokeo ya mwanao na habari za ada vimo kwenye karatasi ya pili. Humu nina jambo moja.

Mwezi uliopita tuliwapa Kidato cha Nne fomu ya majaribio, wajizoeze kabla ya kujaza selform yenyewe, ile fomu ya kuchagua masomo ya Kidato cha Tano na vyuo. Walikwenda nayo nyumbani. Ziliporudi, mimi na mwalimu wa taaluma tulianza kwa kucheka, tukaishia kunyamaza. Nyingi zilikuwa na mwandiko wa watu wazima: PCB (Fizikia, Kemia, Baiolojia), PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati), PCB. Moja iliandikwa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), ikapakwa tipeksi, juu yake PCB kwa kalamu nyingine. Mwenye fomu hiyo Fizikia aliiacha tangu Kidato cha Tatu!

Nasi walimu tusijitoe. Miaka yote hapa shuleni, mtihani wa taifa wa Kidato cha Pili ukipita, tulikuwa tunakaa na orodha ya alama na kugawa: huyu sayansi, huyu arts, huyu biashara. Mtoto akirudi Januari anakuta jina lake limebandikwa ukutani. Mwaka huu tuliwauliza wenyewe, tukawapa wiki tatu za kuonja masomo kabla ya kuamua. Ratiba ilivurugika, na mwalimu wa taaluma bado hajanisamehe. Lakini wapo waliokimbilia sayansi kwa kufuata marafiki, wakarudi wenyewe kuomba kuhama, na sababu wanazo. Zamani tungewaita watoro wa somo.

Tahasusi za Kidato cha Tano, yaani michanganyiko ya masomo kama hiyo PCB, si zile 16 tulizozizoea. Mwaka 2024 zilifikia 65, zikiwemo za lugha, biashara, sanaa, michezo na dini. Si kila shule inazo, na ufaulu katika masomo husika bado ni sharti, kwa hiyo mtoto hachagui hewani. Matokeo yakitoka, TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia shule, huwapa pia nafasi ya kubadili machaguo mtandaoni kabla ya kupangiwa shule.

Likizo hii kaa naye. Mweleze hofu zako zote, za ajira na za ada ya chuo. Ana haki ya kuzisikia. Kisha kalamu ashike yeye. Kwenye fomu mpya tumeweka mistari mitatu ya kuandika sababu kwa maneno yake mwenyewe. Mzazi unaweka sahihi tu.

Kidato cha Kwanza hadi cha Tatu safari hii hawana lile furushi la maswali ya likizo. Kila mmoja amejichagulia mada mbili zinazomsumbua, ameziandika nyuma ya daftari la Hisabati. Tafadhali usimwongezee ya tatu.

Fomu zirudi siku ya kufungua shule. Yenye tipeksi haitapokelewa.

Wako katika malezi,

Mkuu wa Shule