Hogo likishafungwa, mzee asiachwe hapo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako nieleze jambo ambalo mimi mwenyewe, muuguzi mstaafu niliyetumikia wodi za wazazi karibu maisha yangu yote ya kazi, sikulitilia maanani mpaka liliponifika nyumbani.

Mwaka jana shangazi yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliteleza uani kwenye maji ya sabuni, akajikinga kwa kiganja, na mkono ukapinda juu kidogo ya kifundo mithili ya uma wa mezani. Umbo hilo si geni kwa madaktari: Abraham Colles wa Dublin alilieleza mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kugunduliwa. Hospitalini alichomwa sindano ya ganzi, mfupa ukavutwa ukarudishwa mahali pake, akafungwa hogo, yaani plasta ngumu. Kazi hiyo ilifanywa vizuri, nami sina lalamiko nayo.

Lililofuata ndilo linalonisukuma kuandika. Tulirudi nyumbani na tarehe ya kufunguliwa tu, wiki sita mbele. Jamaa wakaanza kubishana, huyu akitaka ahamishiwe Dar es Salaam awekewe vyuma, yule akitaka apelekwe kwa fundi wa kuunga mifupa, ambaye banzi zake zikikazwa mno huweza kuzuia damu hata vidole vikaoza. Vyuma si vya kudharauliwa, hasa mfupa ukitoboa ngozi au ukikataa kutulia. Lakini utafiti wa Austria uliotangazwa mwaka 2011, uliohusu wagonjwa wa miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja waliowekewa bamba la chuma na waliofungwa plasta walikuwa wakiitumia mikono yao sawasawa, ingawa picha za hao wa plasta hazikupendeza. Utafiti mwingine, wa Uingereza wa mwaka 2022, ulikuta kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya wanane wa plasta alihitaji upasuaji ndani ya wiki sita kwa sababu mfupa ulihama. Ndiyo maana eksirei hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Sisi hatukuambiwa turudi.

Shangazi naye, kwa hofu, aliutundika mkono kifuani kwa kanga, asiutikise. “Nikiuchezesha utaachana,” alisema, nami, muuguzi mzima, nikanyamaza. Hogo lilipokatwa mfupa ulikuwa umeunga, lakini vidole vilikuwa vimevimba, vinang’aa, vigumu kama vijiti. Hakuweza kukunja ngumi, na bega nalo lilikuwa limeganda. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo tuliyemwendea baadaye alitueleza kwamba vidole, kisukusuku na bega vilipaswa kuchezeshwa tangu siku ya kwanza, kwamba mkono uliovunjika huinuliwa juu ya usawa wa moyo siku za mwanzo na pete huvuliwa mapema, na kwamba vidole vikifa ganzi, vikipauka au vikigeuka bluu, mgonjwa hurudi hospitali usiku huohuo bila kungoja tarehe.

Wala hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa ulivunjika kwa anguko dogo namna ile. Kwa mwanamke aliyekwisha koma hedhi, kifundo kilichovunjika mara nyingi ndicho dalili ya kwanza kwamba mifupa imedhoofika, na nyonga huweza kufuata. Vipimo vyake vipo, na vipo vidonge vinavyomezwa mara moja kwa wiki.

Naomba wanaohusika wahakikishe kwamba kila mzee anatoka chumba cha plasta na karatasi ya nusu ukurasa, kwa Kiswahili cha herufi kubwa, yenye maelekezo haya pamoja na tarehe ya eksirei ya pili.

Shangazi yuko mwezi wa tano wa kuuchezesha mkono ndani ya maji ya vuguvugu. Kanga anajifunga mwenyewe. Kukuna nazi bado, kwa kuwa kifundo hakijakubali kugeuka.

Muuguzi mstaafu,
Tanga