Kaka, safari hii anzia kwa shangazi

Kaka yangu wa Dar,

Nimesikia mnakuja Desemba, wewe, wifi na watoto, na hoteli ya Paje, huku kwetu Unguja, mmeshalipia. Karibuni sana. Ila safari hii nakuandikia mapema, tena hadharani, maana najua wenye shangazi kama wetu na mwendo kama wako ni wengi.

Mwendo wenyewe unaujua. Siku zote ni za ufukweni, shangazi wa Jambiani anawekewa siku ya kuondoka, mbio mbio kabla ya kuwahi boti. Teksi inanguruma nje, watoto hawavui hata viatu, bahasha mkononi, picha moja, kwaheri. Majirani wote wanaona. Yeye hasemi kitu. Kuku aliyemchinja asubuhi tunamla sisi.

Mwaka jana ukaona umkirimu, ukamwita aje ale mchana hotelini. Mimi ndiye niliyemsindikiza. Alivaa buibui la kuendea harusini, akajifukiza udi. Getini mlinzi akamuuliza, "Bibi, unauza nini?" Tukakalishwa kwenye viti vya plastiki juani mpaka ulipotoka na kaptura yako kutuchukua. Pwani ile ile, shangazi alikuwa akiwinda pweza miambani kabla hoteli haijachimbiwa msingi! Mezani akaletewa huyo huyo pweza, vipande vitatu juu ya majani. Akasoma bei kwa sauti, akacheka peke yake. Wewe ulidhani amefurahi.

Sasa tuje kwenye ratiba. Shangazi analima mwani, na mkulima wa mwani anafuata maji, hana habari na saa ya mtu. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka mbali sana, na huku kwetu hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Wakati huo watoto wako watakuwa wanauliza bahari imekwenda wapi, naye yuko huko huko ilikokwenda, maji ya magoti, anafunga mbegu kwenye kamba. Ukimpigia, simu imelala kitandani. Siku hizo njooni alasiri, akishaoga na kupumzika. Yakiwa maji mafu, yasiyotoka mbali, njooni hata asubuhi, mnywe chai pamoja.

Bora zaidi, siku moja ya bamvua mwachieni watoto waingie naye shambani. Wavae viatu, mawe ni makali. Atawaonyesha jinsi kamba inavyofungwa baina ya vigingi viwili, na bila shaka atawapa habari za kotonii, mwani wenye bei, uliokuwa ukistawi hapo hapo mpaka maji yakazidi joto ukawa unaoza kwenye kamba. Siku hizi wamebaki na spinosamu, kilo kwa hela ambayo wewe unampa mbeba mizigo bandarini. Huo mkasa huwezi kuusikia kwenye viti vya kulalia vya hotelini.

Mwambie wifi aweke kanga mbili begini. Nguo za ufukweni zibaki ufukweni, kijijini kuna wazee na kuna msikiti njiani.

Teksi achaneni nayo. Pandeni gari la 309 linalokwenda Jambiani, mteremke na mizigo yenu yote, mlale. Chumba cha uani kipo na chandarua kipo. Na fanyeni hivyo mwanzo wa safari, kabla ya hoteli, watoto wakiwa bado na hamu ya kusalimia watu.

Zawadi, leteni mchele wa Mbeya, anaupenda mno. Bahasha punguza, badala yake mnunulie viatu vya kuingilia majini. Alivyo navyo vimetoboka kisiginoni na anavishona kwa kamba ile ile ya mwani. Anavaa namba 38.

Dada yako