Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, assalamu alaikum.

Usafi wa mitaa, ziara ya wanafunzi na kuzoa mchanga uani mliyaona wenyewe, sirefushi.

Nije kwenye lile linalosemwa barazani, kwamba mwenyekiti kabandua plasta ya simenti iliyolipiwa na kamati iliyopita akarudisha udongo. Ni kweli nimebandua, na ingekuwa leo ningebandua tena. Nyumba ya chama ni ya miti: nguzo za mkoko zimechimbiwa ardhini, mtambaapanya, yaani boriti ya juu ya ukuta, umelala juu yake, fito za mkandaa, aina ya mkoko, zimefungwa kwa kamba ya nazi, ndipo udongo ukakandikwa. Udongo hunywa unyevu na kuutoa. Simenti haiutoi, na wala haishikani na udongo. Maji yakipanda toka chini hubaki humo humo, mti unaoza huku umevaa kanzu safi. Niligonga ukuta wa chumba cha pili kushoto, ukalia kama ngoma. Tulipobandua, nguzo 3 zilikuwa zimekwisha chini, na mchwa wamejenga njia hadi kwenye makombamoyo, yaani miti ya paa. Hapo hata waliokuwa wakicheka walinyamaza.

Mikoko ni msitu wa hifadhi, haikatwi bila kibali. Kibali hicho nimekifuata mara 4 kwa nauli yangu, sijadai hata senti.

Wapo wanaosema mkutano haukuwa na akidi, yaani idadi ya wanachama inayotakiwa. Mkutano wa kwanza walikuja 9 kati ya wanachama 64, wa pili 11, na katiba yetu inaruhusu mkutano wa pili uendelee kwa idadi iliyopo. Waliokuwa kwenye kahawa, hatua chache kutoka mlangoni, wasiniulize leo.

Bati la paa tumeliacha lilivyo. Makuti yana ubaridi wake, lakini nani atayabadilisha kila baada ya miaka michache kwa ada hizi? Ada ni shilingi 20,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 23, yaani 460,000, michango 1,150,000, jumla 1,610,000. Matumizi 1,480,000, karibu yote kwenye ukuta huo. Salio 130,000. Wajumbe 2 wa kamati nao hawajalipa, siwataji.

Mwaka ujao, Mungu akijalia, tutafute namna ya kuwafundisha vijana kufunga fito, na tuweke kibao mlangoni. Mgeni akifika Bagamoyo hupelekwa Boma ya Wajerumani na Caravan Serai, kituo cha zamani cha misafara, yote majengo ya mawe. Nyumba za miti, ambamo wengi wetu tumezaliwa, hazionyeshwi mtu. Fedha ya kibao bado haipo.

Mweka hazina atakaa barazani kila Jumamosi baada ya Alasiri, na daftari la stakabadhi analo.