Madereva wapimwe njia kichwani

Mhariri,

Mimi ni dereva wa teksi Kariakoo, mzee wa kazi. Vijana wanatucheka tusiofuata ramani ya simu. Basi wajue: mwaka 2000 mtafiti wa ubongo Eleanor Maguire na wenzake walichapisha vipimo vya ubongo wa madereva teksi wa London, wanaokariri maelfu ya mitaa ndipo wapewe leseni. Hipokampasi yao, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu ya mahali, ilikuwa kubwa upande wa nyuma kuliko ya watu wasioendesha teksi. (Mbele ilikuwa ndogo, lakini hilo vijana siwaambii.) Barabara ya Msimbazi ikijaa magari, njia ya kuchepuka ninayo kichwani. Wanaotoa leseni hapa nao wawatahini madereva mitaa, simu zikiwa zimezimwa.

Dereva mzee,
Dar es Salaam