Barua kwa akina baba vijana: izuieni mikono yenu

Vijana wangu mnaoitwa baba,

Nimelea watoto wawili hadi wakaondoka nyumbani. Kwa wa kwanza nilikosea, na kwa wa pili nikajirekebisha bila hata kukusudia. Nawaandikia kwa sababu naona wengi wenu mmeshika njia ile ile niliyoanza nayo mimi.

Mwanangu wa kwanza nilimlea kama yai. Kamba za viatu nilimfunga mimi, mkoba nilimbebea mimi, akigombana na mwenzake nilikwenda mimi kusuluhisha. Niliona huo ndio upendo, na upendo ulikuwemo kweli. Alipofika miaka 19 akawa anaishi mbali nasi. Usiku mmoja akanipigia simu: ufunguo umekatikia kwenye kitasa. Nikamwuliza, umemweleza nani hapo? Hakumweleza mtu. Alikuwa amesimama mlangoni karibu saa nzima akitafuta mtandao ili anipate mimi, niliye mwendo wa siku nzima kutoka alipo, na majirani wako hatua tano. Sauti yake ya usiku ule bado ninayo masikioni.

Mdogo wake wa kike alipokuwa na miaka 9 niliteleza nikavunjika mkono, ukafungwa plasta kwa wiki 6. Katika siku hizo baiskeli yake ikapata pancha. Zamani ningeshika spana kabla hajamaliza kusema. Safari hii nilikaa pembeni, nikabaki na mdomo tu. Akalivua tairi kwa mipini ya vijiko, akaijaza tyubu upepo, akaizamisha kwenye beseni la maji na kuizungusha polepole mpaka mapovu yakatoka. "Baba, nimeiona!" Akakwangua kwa msasa, akapaka gundi, na hapo hapo akataka kubandika kiraka. Nikamwambia aiache gundi ikauke kidogo. Hakunisikia. Kiraka kikabanduka.

Ningekuwa na mikono miwili ningemnyang'anya. Akaanza upya, machozi yakimlengalenga, na mara ya pili aliisubiri gundi bila kuambiwa. Kazi ambayo mimi ningeimaliza kwa dakika 20 ilimchukua karibu saa 2. Usiku ule aligoma kunawa, akalala na vidole vyeusi.

Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba wataalamu wa saikolojia waliliona jambo hili. Mwaka 1976 Wood, Bruner na Ross walieleza jinsi walivyowatazama watoto wa miaka 3 hadi 5 wakijenga piramidi kwa vipande vya mbao, mtu mzima akiwa kando yao, anasaidia pale tu mtoto anapokwama na kumwachia yale anayoyaweza. Msaada huo waliufananisha na jukwaa analosimamia fundi akijenga ukuta. Ukuta ukisimama, jukwaa linabomolewa. Mimi kwa mwanangu wa kwanza sikulibomoa kamwe.

Msinielewe vibaya. Sisemi mtoto atupwe. Baba asiyekuwepo hamfundishi mwanawe kujitegemea. Anamfundisha kutomtegemea yeye, na hayo ni mambo mawili tofauti. Mtoto mchanga anayejua mzazi yuko karibu hutambaa mbali zaidi, hushika hiki na kile, kisha hugeuka kuhakikisha bado upo. Basi uwepo. Wala msidhani ukali ndio ubaba.

Na ipo hatari ya kweli. Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watu wa miaka 5 hadi 29. Barabarani na kwenye maji, shika mkono wa mwanao na usione haya. Lakini goti kuchunika, kazi ya shule kukosewa, rafiki kununa, kiraka kubanduka: hayo hayaui. Tunayazuia kwa sababu sisi ndio tusiovumilia kuyatazama. Siku hizi simu zimetuzidishia udhaifu huo, maana mzazi anaweza kumfuata mtoto kila hatua na kumjibia kila swali kabla halijamuuma.

Jizoezeni kunyamaza. Mtoto akihangaika na kifungo cha shati, vuta pumzi, tazama pembeni, chelewa kidogo. Anza na dogo lisilo na madhara. Akikosea, usimalizie wewe.

Mwanangu wa kwanza naye ataisoma barua hii. Nilishamwomba radhi, na sasa yeye mwenyewe ni baba. Juzi alinipigia kuniuliza kama amruhusu mwanawe aende peke yake kwa rafiki yake, nyumba ya tatu kutoka kwao. Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Nikalimeza, nikamwuliza, "Wewe unaonaje, mwanangu?" Akanyamaza kitambo kirefu. Nami nikashika simu, nikangoja.

Mzee wenu.